Nadra ni Neno la Anayehesabu

Kuna neno ambalo ningependa lipigwe marufuku katika vyumba vya madaktari wetu, kuanzia zahanati hadi hospitali ya rufaa. Neno lenyewe ni "nadra". Ugonjwa huu ni nadra. Kwetu hiyo ni nadra sana, usiwe na wasiwasi. Linatamkwa kwa upole, kana kwamba mtu anakupunguzia mzigo, nawe uliyekaa kwenye benchi tangu saa kumi na mbili asubuhi unashukuru na kuondoka. Lakini "nadra" ni neno la hesabu. Anayelitamka anadai kwamba kuna mtu alikaa akahesabu, akakuta wachache. Nauliza: nani alihesabu? Lini? Alihesabu kwa kuangalia nini?

Ninasoma shahada ya uzamili ya Kiswahili, na utafiti wangu ni wa istilahi za tiba. Mimi si daktari. Nasema hivyo mapema ili anayetaka kunijibu kwa kunikumbusha jambo hilo asijisumbue. Taaluma yangu ni maneno, na shtaka langu ni la maneno. Ipo saratani inayoua watu wetu ikiwa imevaa majina ya magonjwa mengine, na neno "nadra" ndilo linalosimama mlangoni kuzuia watu wasiingie kuangalia.

Saratani yenyewe ni limfoma ya ngozi. Katika damu yetu kuna chembe nyeupe zinazoitwa seli T, ambazo kazi yake ni kuulinda mwili, na baadhi yake huishi ngozini. Ukoo mmoja wa seli hizo ukiharibika na kuanza kuzaana bila kikomo, saratani imeanza. Mara nyingi mwanzo wake ni madoa makavu yanayowasha, tena sehemu ambazo jua halifiki: kiunoni, makalioni, mapajani, chini ya matiti. Madoa hayo yanaweza kukaa miaka mingi. Kwa wagonjwa wengi ugonjwa hutembea polepole, na anayegunduliwa ukiwa bado ni madoa machache anaweza kuishi umri wake wote kama jirani yake. Kwa wengine unageuka. Madoa yananenepa, yanaota vivimbe, vivimbe vinapasuka na kuwa vidonda, na mwishowe vijidudu vinaingia kwenye damu kupitia ngozi ambayo haifungi tena. Zipo na sura nyingine ambazo hazisubiri. Ile iitwayo Sézary, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeieleza mwaka 1938, huikamata ngozi yote: inababuka, nyayo zinapasuka, matezi yanavimba, na seli zenye saratani zinaonekana ndani ya damu. Wengi wa wanaoipata hawafikishi miaka 5.

Ile ya kawaida zaidi ina jina la kitabuni ambalo kwa mtu wa istilahi ni kichekesho kichungu: mycosis fungoides. Mwaka 1806, Jean-Louis Alibert, daktari wa Hospitali ya Saint-Louis mjini Paris, alimweleza mgonjwa aliyeota vivimbe mwilini mfano wa uyoga. Jina likafuata uyoga huo. Ukilifasiri neno kwa neno unapata "ugonjwa wa kuvu ufananao na uyoga". Kuvu haumo. Haujawahi kuwamo. Jina lilikosea, na hadi leo bado limo vitabuni. Lakini Wafaransa, baada ya kukosea jina, waliendelea kuutazama ugonjwa wenyewe. Daktari mwingine wa hospitali hiyohiyo, Bazin, akazipanga hatua zake tatu: madoa, ngozi iliyonenepa, vivimbe. Wengine wakaleta darubini. Kufikia miaka ya 1970 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba hizi ni saratani za seli T, na magonjwa yaliyokuwa yametawanyika chini ya majina mengi yakawekwa kwenye ukoo mmoja.

Sasa njoo kwetu. Hatukumsoma Alibert, lakini nenda duka la dawa muhimu lolote ukiwa na doa linalowasha, uone kama hutaambiwa "fangasi". Neno ni lilelile la Paris. Tofauti ni kwamba Alibert alikuwa akieleza alichokiona, na sisi tunaeleza tunachokiuza. "Fangasi" ni jina la tyubu kabla halijawa jina la ugonjwa. Usipopona kwa tyubu ya fangasi, unahamia jina la pili, "aleji", ambalo nalo lina tyubu yake. Jina la tatu ni "pumu ya ngozi". La nne hutegemea majirani: wengine watasema ukoma, wengine watanong'ona Ukimwi, wengine watasema umetupiwa kitu. Na hata limfoma tunapoitaja kwa Kiswahili cha mitaani tunaiita saratani ya matezi. Sikiliza jina hilo linafanya nini: kama matezi hayajavimba, basi saratani hiyo haipo. Mgonjwa anayewashwa mapajani hana tezi la kuonyesha, kwa hiyo hana haki ya kushukiwa.

Jingine ni rangi. Vitabu vingi vinavyofundishia magonjwa ya ngozi vilipigwa picha kwenye ngozi za Wazungu. Humo madoa haya ni mekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani hivyo: doa linaweza kuwa la kijivu, la zambarau, au jeusi kuliko ngozi inayolizunguka. Kuna aina ambayo hupoteza rangi kabisa ikaacha mabaka meupemeupe, na hiyo huwapata zaidi watu weusi na watoto. Baka jeupe kwenye ngozi nyeusi Afrika Mashariki lina tafsiri zake tayari: choa, mbalanga, ukoma. Mwanafunzi aliyefundishwa kutafuta wekundu atautafuta mpaka astaafu. Na hapa sizungumzii jambo dogo. Takwimu za Marekani zinaonyesha kwamba Wamarekani weusi wanazipata limfoma hizi kwa kiwango kikubwa kuliko weupe, wanazipata wakiwa na umri mdogo zaidi, na matokeo yao ni mabaya zaidi. Kwa hiyo ugonjwa tunaoambiwa ni nadra kwetu, huko ambako kuna anayehesabu, unawapata zaidi watu wenye ngozi kama yetu.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa mkulima wa michungwa mkoani Tanga. Alianza kuwashwa kiunoni, mahali mkanda unapogusa, na kwa hiyo mwanzoni alaumiwa mkanda. Akabadilisha mkanda. Kisha ikalaumiwa sabuni. Kisha akaenda duka la dawa, na kwa miaka mitatu iliyofuata hakuacha kwenda. Mazungumzo ya pale yalikuwa mafupi, na kwa kuwa nilimsindikiza mara mbili tatu wakati wa likizo, nayakumbuka.

"Shikamoo mzee. Bado inawasha?"

"Marahaba, mwanangu. Inawasha."

"Basi hiyo imekuwa sugu. Nitakupa ile kali."

"Ile kali" ni tyubu yenye dawa tatu ndani yake: steroidi, dawa ya kuvu na dawa ya kuua bakteria. Ni kama kurusha mawe matatu gizani ukitumaini moja litampata mwizi. Mkaza mjomba alizihifadhi tyubu tupu kwenye ndoo ya rangi, kila moja imekunjwa hadi shingoni, ili safari ijayo wamwonyeshe muuzaji ipi ilisaidia. Nilizihesabu baada ya msiba. Zilikuwa 47.

Na ukweli mchungu ni kwamba zilisaidia. Hapa ndipo ugonjwa huu unapomzidi akili mtu asiyeujua. Steroidi hutuliza kuwashwa na hupunguza doa hata kama doa hilo ni limfoma. Kwa kweli, wataalamu wenyewe huitumia kutibu hatua za mwanzo, wakijua wanachokitibu. Kwa hiyo unapaka, unapata nafuu wiki mbili, unashukuru Mungu, unaacha, doa linarudi na ndugu zake. Kila nafuu ni ushahidi kwamba jina la ugonjwa lilikuwa sahihi. Mjomba alithibitishiwa mara 47 kwamba ana fangasi.

Mwaka wa tatu alipelekwa hospitali. Huko walichukua kinyama, ile punje ya ngozi inayokatwa ili ikapimwe. Tulifurahi, tukadhani sasa jibu litapatikana. Majibu yakaja baada ya wiki kadhaa: uvimbe sugu wa ngozi, hakuna saratani iliyoonekana. Sasa angalia kinyama hicho kilivyosafiri. Kilikatwa asubuhi ambayo mgonjwa alikuwa amejipaka dawa kali, kama alivyojipaka kila siku kwa miaka mitatu, na hakuna aliyemuuliza. Kilikatwa mahali palipokuwa rahisi kufikiwa, mkononi, kwa kuwa alikuwa amevaa suruali na shati. Kilikwenda maabara na fomu yenye maneno mawili: "upele sugu". Aliyekisoma hakuambiwa kwamba mtu huyu amewashwa miaka mitatu, kwamba madoa yalianzia kiunoni, kwamba mengine yamenenepa. Limfoma ya ngozi inapokuwa changa hufanana na pumu ya ngozi hata chini ya darubini. Msomaji wa kinyama anahitaji habari ili aone. Ukimnyima habari, atakuandikia alichokiona, nacho ni karibu hakuna. Karatasi ile ikawa hati ya kuendelea kupaka, kwa miezi minane zaidi.

Aliyefumbua fumbo alikuwa daktari kijana katika hospitali nyingine. Kitu cha kwanza alichofanya hakihitaji digrii. Alifunga mlango, akampa mjomba shuka, akasema, "Mzee wangu, samahani, naomba uvue nguo zote nione ngozi yote." Katika miaka mitatu na zaidi, mbele ya wauzaji na matabibu nisiowajua idadi, huyo ndiye mtu wa kwanza aliyetaka kuuona mwili mzima wa mtu anayelalamikia ngozi. Akaona makalio, mapaja, mgongo. Akakuta kivimbe cha kwanza nyuma ya paja, kidogo kama kichwa cha uyoga unaochomoza baada ya mvua. Akauliza anapaka nini. Akasema: acha kila kitu kwa wiki tatu, kisha urudi. Mjomba alidhani anafukuzwa kwa adabu. Wiki hizo tatu alikuwa halali. Alijikuna kwa gunzi la mahindi. Aliporudi alipigwa ganzi, vikachukuliwa vinyama vitatu, kila kimoja mahali pake, na fomu ikaandikwa ikajaa mpaka nyuma. Vilipakwa rangi maalumu zinazozitambulisha seli T. Jibu likaja: limfoma ya ngozi, na katika kivimbe, seli zilikuwa tayari zimebadilika kuwa kubwa. Kwa lugha ya kawaida, ugonjwa ulikuwa umeshageuka kuwa mkali.

Alifariki miezi saba baadaye, kwa vijidudu vilivyoingia kwenye damu.

Sisemi kwamba angepona. Ugonjwa huu una tabia yake, na hakuna anayeweza kuapa kwamba kinyama cha mwaka wa kwanza kingezuia seli zisigeuke. Wala sisemi kwamba ni rahisi kuugundua. Hata Ulaya, kwenye vituo vya mabingwa, muda wa kawaida kutoka doa la kwanza hadi jibu ni takriban miaka 3. Lakini kuna kuchelewa huku watu wakiangalia na kukata na kurudia kukata, na kuna kuchelewa huku watu wakiuza tyubu. Muda kwenye kalenda unaweza kuwa sawa. Mgonjwa wa kwanza anafuatiliwa, na siku ugonjwa ukigeuka, kuna anayemjua. Wa pili anajulikana na muuza duka.

Turudi kwenye hesabu, maana ndiyo kesi yangu. Nchini Marekani, limfoma za ngozi za seli T zimehesabiwa kuwa wagonjwa wapya 6 hivi kwa kila watu milioni moja kwa mwaka. Huo ni unadra, sibishi. Sensa yetu ya mwaka 2022 ilitupata Watanzania 61,741,120. Kwa kiwango hicho tungetarajia wagonjwa wapya karibu 370 kila mwaka. Utaniambia kwamba ugonjwa huu huwapata zaidi watu wazima, na sisi ni taifa la vijana. Sawa, gawanya kwa mbili. Gawanya tena kwa mbili, nikuridhishe. Bado ni watu wapatao 90 kila mwaka, zaidi ya mmoja kila wiki. Wako wapi? Wako kwenye daftari la zahanati, mstari wa fangasi. Wako kwenye mstari wa aleji. Baadhi wamezikwa kama watu waliokufa kwa vidonda, au kwa "yale mambo ya nyumbani". Kila mmoja alipokuwa akiondoka na tyubu yake alichangia kuufanya ugonjwa uwe nadra. Halafu unadra huo huo unatumika kumwambia anayefuata kwamba hana haja ya kukatwa kinyama. Mduara huu ndio ninaoushtaki. Hatukati kwa sababu ni nadra. Ni nadra kwa sababu hatukati.

Anayeona natia chumvi akumbuke limfoma nyingine, ambayo historia yake ni ya hapahapa Afrika Mashariki. Mwaka 1957 daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala, Denis Burkitt, aliitwa kumwona mtoto aliyevimba taya pande zote. Muda si mrefu akaona mwingine huko Jinja. Kabla ya hapo watoto wa namna hiyo walikuwa wakiandikwa kwa majina tofauti, kila mmoja kwa jina la kiungo kilichovimba, na kila jina peke yake lilikuwa nadra. Burkitt alifanya jambo la kishamba kabisa: akafungua kumbukumbu za hospitali akaanza kuhesabu. Akakuta kwamba taya, tumbo na figo za watoto hawa zilikuwa na ugonjwa mmoja. Mwaka 1958 akachapisha. Wanapatholojia wa Kampala, waliokuwa wakitunza daftari la saratani kwa uaminifu wa karani wa benki, nao wakaonyesha kwamba limfoma ilikuwa imeshika sehemu kubwa ya saratani za watoto waliowaona. Ruzuku yake ya kwanza ya utafiti ilikuwa pauni 25. Alisambaza vipeperushi vyenye picha kwa hospitali za bara zima, na mwaka 1961 yeye na wenzake wawili wakapanda gari kutoka Kampala hadi kusini mwa Afrika na kurudi, takriban maili 10,000, wakisimama hospitali kwa hospitali wakiuliza: mmewahi kumwona mtoto wa namna hii?

Vinyama vya watoto wale vilipanda ndege kutoka Kampala hadi London, na humo, mwaka 1964, Epstein na wenzake wakaviona virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Nalitaja hili si kwa kumsifu Mzungu wa enzi ya ukoloni. Mengi ya enzi ile yanahitaji kushtakiwa, na nitayashtaki siku nyingine. Nalitaja kwa sababu mbili. Kwanza, ugonjwa uliokuwa "nadra" uliacha kuwa nadra siku alipopatikana mtu wa kuhesabu. Pili, kama kinyama kiliweza kutoka Kampala hadi London miaka ya 1960, nielezwe kwa nini leo kishindwe kutoka Handeni hadi Dar es Salaam.

Najua majibu nitakayopewa, maana nimeshapewa.

La kwanza: wengi wanaowashwa kweli wana fangasi, au upele, au pumu ya ngozi, je, tuwakate wote? Hapana. Hakuna anayedai hivyo. Mtibuni kwa fangasi mara moja. Mkibahatisha tena, mara ya pili. Ninachodai ni kwamba ipatikane mara ya mwisho. Ugonjwa uliokataa tiba mbili sahihi kwa miezi mitatu umeshajieleza kwamba jina mlilompa si lake.

La pili: wanaoweza kusoma vinyama ni wachache. Ni kweli, na ni aibu ya serikali zilizopita na iliyopo. Lakini kinyama kina adabu kuliko mgonjwa. Kikiwekwa kwenye formalini hakiozi njiani. Kikishagandishwa ndani ya nta kinakaa miaka na miaka kikisubiri jicho. Kinaweza kupanda basi la usiku peke yake bila nauli ya msindikizaji, bila kulala gesti, bila kuacha shamba. Tunachokifanya ni kinyume: tunamsafirisha mtu mzima mwenye vidonda kilomita mia kadhaa ili akakatwe punje ya ngozi ya milimita 4, kazi ya dakika kumi ambayo tabibu wa wilaya akifundishwa anaiweza. Na kufundishwa kunawezekana. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha KCMC, Moshi, kimekuwa kikiwaandaa matabibu wa kawaida kutoka nchi nyingi za Afrika kwa kazi ya ngozi tangu miaka ya 1990. Wazo kwamba ngozi ni ya bingwa tu lilishakanushwa hapahapa kwetu.

La tatu, ambalo wazee hulisema na vijana wenye digrii huliitikia kwa kichwa: saratani ukiigusa kwa kisu inasambaa. Hili limewaua wengi. Kukata kinyama cha ngozi hakusambazi limfoma. Kinachosambaa ni ugonjwa ulioachwa, na kwa kuwa watu hukubali kukatwa wakiwa wamechelewa, hufa muda mfupi baada ya kukatwa, na kisu kinabeba lawama ya miaka ya tyubu.

La nne ndilo linalonikera kuliko yote: hata tukijua, tutafanya nini? Dawa mpya ni za nchi tajiri. Dawa mpya, ndiyo. Lakini ugonjwa huu una tiba za zamani zinazofanya kazi. Steroidi ileile ya kupaka, ikitumika kwa makusudi na kwa kufuatiliwa. Mwanga wa urujuanimno. Methotrexate, dawa ya miongo mingi ambayo si ngeni katika hospitali zetu kubwa. Mionzi, ambayo kivimbe cha limfoma huisikia vizuri, na ambayo Taasisi ya Saratani Ocean Road imekuwa ikiitoa miaka yote hii. Na hata pasipokuwa na tiba ya kuponya, jina lina kazi yake. Mjomba alipopewa jina la ugonjwa wake, mkewe alirudi kulala chumba kimoja naye. Watoto waliacha kumtengea sahani. Msikiti mzima ulijua kwamba si ukoma na wala hakuna aliyemtupia kitu. Mnaosema "tutafanya nini" mnadhani utambuzi ni risiti ya kununulia dawa. Mwaulizeni mkaza mjomba wangu.

Ninachodai kinaweza kuandikwa kwenye karatasi moja na kubandikwa ukutani. Anayelalamikia ngozi avuliwe nguo na kutazamwa mwili mzima, mahali penye mlango unaofungwa. Aulizwe anapaka nini na tangu lini. Doa lililokataa tiba kwa miezi mitatu lichukuliwe kinyama, baada ya kuacha kupaka kwa wiki mbili hadi nne, kutoka sehemu zaidi ya moja, na fomu iandikwe kama barua kwa mtu unayemhitaji. Jibu la "si saratani" lisihesabiwe kuwa la mwisho kama ngozi inaendelea kusema vingine; kinyama kirudiwe. Tyubu zenye steroidi kali zisiuzwe kama peremende. Na kwa kuwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023, nitaipima kwa kitu kidogo: je, mkulima wa michungwa anaweza kukatwa kinyama, kikasafirishwa na kusomwa, bila kuuza mbuzi? Mjomba alilipia vyote hivyo mfukoni mwake, na jumla yake haikufikia alichotumia kwenye tyubu za mwaka mmoja.

Kwa wenzangu wa istilahi nina ombi pia. Tuache kuiita limfoma saratani ya matezi kana kwamba haina nyumba nyingine. Tuseme limfoma ya ngozi, tuiandike kwenye vipeperushi, itajwe redioni, mpaka muuza duka naye aisikie na siku moja asite kabla hajafungua kabati la tyubu.

Na kwako msomaji, ambaye huenda una doa au unaishi na mtu mwenye doa: usitishike, kwa maana madoa mengi ni madoa tu. Lakini hesabu miezi. Hesabu tyubu. Ikifika ya tatu, usiombe iliyo kali zaidi. Uliza lini watachukua kinyama. Wakikujibu kwamba ugonjwa unaouogopa ni nadra, waombe kwa heshima zote wakuonyeshe daftari.